Mzee wa Bologna na Jua la Kibera

Alfajiri, moshi wa makaa hupanda kutoka mabanda ya Kibera hadi kwenye roshani za Nyayo Highrise. Kila niutazamapo humkumbuka Giacomo Ciamician, mwanakemia aliyetamani viwanda visivyo na moshi.

Alizaliwa mwaka 1857 mjini Trieste, katika ukoo wenye asili ya Kiarmenia. Tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1922 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Bologna, Italia. Huko, yeye na mwenzake Paul Silber walianika chupa za kioo juani, wakachunguza kwa miaka mingi jinsi mwanga unavyobadili kemikali. Mwaka 1912 aliwahutubia wanakemia jijini New York. Aliwakumbusha kwamba makaa ya mawe ni jua la kale lililozikwa ardhini, na kwamba hazina hiyo ina mwisho. Heri binadamu ajifunze siri ya majani, ambayo kwa nguvu za jua huigeuza hewa ya ukaa kuwa chakula. Alitabiri kwamba nchi kame zingekuwa na viwanda vya kioo visivyo na dohani.

Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel, asiipate. Dunia ilikwisha kunogewa na makaa na petroli.

Mwaka 1983 Jean-Marie Lehn na wenzake, huko Strasbourg, Ufaransa, walionyesha kuwa molekuli yenye atomu ya madini ya reniamu, ikimulikwa, huweza kuigeuza hewa ya ukaa kuwa kaboni monoksaidi, malighafi ya kuundia fueli. Molekuli hiyo ni kichocheo, na neno hilo limechaguliwa vyema: mchochea moto haungui, kinachoungua ni kuni. Hata hivyo, kazi hiyo ilihitaji kemikali nyingine ya kutoa elektroni, nayo huisha. Tena reniamu ni adimu mno. Ndiyo sababu watafiti wamegeukia madini ya kawaida, kama chuma na manganisi.

Nionavyo mimi, hapo ndipo penye nafasi yetu. Ciamician hakuwa na jua kama letu. Alikuwa na chupa na subira. Jua tunalo. Vyuo vyetu visipowapa vijana chupa na subira, mama wa Kibera ataendelea kupuliza jiko la makaa, na hatimaye sote tutauziwa jua letu wenyewe.