Hunayn ibn Ishaq na Uundaji wa Istilahi za Tiba

Katika historia ya istilahi za tiba ni wachache waliofanya kazi inayolingana na ile ya Hunayn ibn Ishaq, tabibu na mfasiri wa Baghdad wa karne ya 9. Alizaliwa mnamo mwaka 808 huko al-Hira, kusini mwa Iraki, katika jamii ya Waarabu Wakristo wa madhehebu ya Nestori. Baba yake alikuwa muuza dawa. Kiarabu kilikuwa lugha ya dola, na Kisiriaki lugha ya kanisa lake na ya elimu ya utabibu. Kiyunani, lugha ya Hippokrates na Galen, kilibakia kwa wachache.

Alipofika Baghdad alisoma kwa Yuhanna ibn Masawayh, tabibu mashuhuri wa zama hizo. Maswali ya kijana huyu yalimchosha mwalimu, hata siku moja akamfukuza darasani na kumwambia kwamba watu wa al-Hira walifaa kubadilisha fedha sokoni, si kutibu wagonjwa. Hunayn aliondoka akilia. Aliporudi baada ya miaka kadhaa aliweza kughani tungo za Homer kwa Kiyunani, naye Yuhanna akapatana naye. Wapo wapokezi wanaodai kwamba Kiarabu chake alikinoa Basra kwa al-Khalil ibn Ahmad, mtunzi wa kamusi ya kwanza ya lugha hiyo. Dai hilo halikubaliki: al-Khalil alifariki kabla Hunayn hajazaliwa. Hata hivyo linaonyesha jinsi wasomi wa baadaye walivyokithamini Kiarabu chake.

Akiwa na umri wa miaka 17 alimfasiria Jibril ibn Bukhtishu, tabibu wa makhalifa, kitabu cha Galen kuhusu aina za homa. Kazi hizo za ujana hazikumridhisha alipokua. Kitabu cha Galen juu ya madhehebu ya matabibu alikifasiri akiwa na miaka ipatayo 20, kutokana na nakala moja iliyojaa makosa. Alipofikia miaka 40 hivi, mwanafunzi wake Hubaysh, ambaye pia alikuwa mpwa wake, alimwomba akisahihishe. Wakati huo alikwisha kukusanya nakala kadhaa za Kiyunani. Alizilinganisha moja kwa moja mpaka akapata matini aliyoiamini, ndipo akairudia tafsiri. Huo ukawa utaratibu wake. Kitabu cha Galen juu ya uthibitisho wa hoja alikitafuta Iraki, Shamu, Palestina na Misri hadi Aleksandria, akaambulia takriban nusu yake tu, huko Dameski.

Umuhimu wa bidii hiyo hauhitaji kutiliwa chumvi. Tabibu aliyesoma tafsiri hakuwa na njia ya kuurejea Uyunani. Neno lililokosewa na mfasiri lilikwenda moja kwa moja kitandani kwa mgonjwa. Al-Safadi, mwandishi wa karne ya 14, anaeleza kwamba watangulizi waliweka neno la Kiarabu mahali pa kila neno la Kiyunani, na pale walipokosa neno walilitohoa la Kiyunani kama lilivyo. Hunayn alisoma sentensi nzima, akaielewa, kisha akaisema upya kwa Kiarabu. Mgawanyo huo ni mkali mno, kwani Hunayn naye alitohoa palipolazimu. Lakini kiini chake ni kweli.

Mfano bora ni istilahi za jicho. Maqala zake kumi juu ya jicho, alizoziandika katika kipindi cha zaidi ya miaka 30 na kuzikusanya kwa ombi la Hubaysh, zinataja tabaka za jicho kwa majina ambayo kila Mwarabu angeyaelewa. Wayunani waliiita tabaka moja kwa jina la pembe, nyingine kwa jina la zabibu, na ile ya nyuma kwa jina la wavu wa kurusha, yaani kimia cha wavuvi. Hunayn hakuyatohoa majina hayo. Aliitafsiri sitiari yenyewe: *qarniyya* kutokana na pembe, *inabiyya* kutokana na zabibu, *shabakiyya* kutokana na wavu. Karne tatu baadaye wafasiri wa Kilatini walifanya vivyo hivyo kutoka Kiarabu, na ndiyo maana jina *retina*, linalotumiwa hospitalini hadi leo, lina asili ya neno la Kilatini la wavu.

Maisha ya barazani hayakuwa mepesi. Inasimuliwa kwamba khalifa al-Mutawakkil alimwamuru amtengenezee sumu ya kumwua adui. Hunayn alikataa, akafungwa mwaka mzima, na alipoletwa tena mbele ya upanga alieleza kwamba dini yake na kazi yake vyote viwili vilimkataza. Khalifa akasema ilikuwa mtihani tu. Pigo lililomuuma zaidi lilitokana na fitina za matabibu wenzake: alinyang'anywa vitabu vyote alivyovikusanya tangu ujanani. Mnamo mwaka 856, akiwa na umri wa miaka 48, alimwandikia Ali ibn Yahya risala inayotaja vitabu 129 vya Galen, nani alivifasiri, kwa nani, na kutoka nakala ya namna gani. Aliiandika kwa kumbukumbu, vitabu vyenyewe akiwa hanavyo tena.

Alifariki mwaka 873, kwa hesabu ya Ibn al-Nadim. Mwanawe Ishaq na Hubaysh waliendeleza kazi. Kitabu chake cha maswali ya tiba, kilichokamilishwa na Hubaysh, kilifundishwa Ulaya kwa Kilatini kwa karne kadhaa. Humo mna mafundisho ya vimiminiko vinne vya mwili: damu, *balgham*, *safra* na *sauda*. Istilahi hizo hakuzibuni yeye, lakini vitabu kama chake ndivyo vilivyozieneza katika tiba ya Kiarabu. Baadhi yake zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Belghamu, ambalo Waarabu walilipata kwa Wayunani, limebaki na maana ya kohozi. Safura limebadilika zaidi: halitaji tena nyongo ya manjano, bali maradhi ya minyoo yanayomkausha mtu damu na kumvimbisha mwili.