MUYBRIDGE, ALIYEMNASA FARASI HEWANI

Bila shaka unaikumbuka siku ya michezo ya mwaka jana. Mbio za kupokezana vijiti zilimalizika bega kwa bega, kidato cha pili na sisi wa kidato cha tatu, kila upande ukidai ushindi. Mwalimu akasema tungoje picha. Picha ilipoletwa, wacha! Nyasi zilionekana vizuri, hata nguzo za goli, lakini wakimbiaji walikuwa mistari miwili ya ukungu kama ule unaofunika majani chai yetu alfajiri. Ushindi ukagawanywa. Mimi sikuridhika, nikaanza kutafuta kosa lilikuwa la nani, na katika kutafuta nikakutana na maisha ya Eadweard Muybridge.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1830 mjini Kingston, kando ya mto Thames, Uingereza. Akiwa kijana alikwenda Marekani, akauza vitabu San Francisco. Mwaka 1860 gari la farasi alilopanda lilipata ajali huko Texas, akaumia kichwa vibaya, akarudi kwao kutibiwa. Aliporejea San Francisco mwaka 1867 alikuwa mpiga picha. Alipiga milima na maporomoko ya bonde la Yosemite, akasifika. Mlima, hata hivyo, hausogei. Maji yale ya maporomoko yalitoka meupe kama maziwa, kwa kuwa kamera za siku zile zilihitaji kuachwa wazi kwa sekunde kadhaa.

Mwaka 1872 tajiri wa reli, Leland Stanford, aliyewahi kuwa gavana wa California, alimpa kazi ya ajabu. Je, farasi anapokimbia, kuna wakati miguu yote minne iko hewani? Jicho haliwezi kujibu. Muybridge akajaribu, lakini picha za kwanza zilikuwa hafifu, farasi akionekana kama kivuli.

Kabla hajamaliza kazi hiyo, akaingia matatani. Oktoba 1874 alimpiga risasi na kumuua Harry Larkyns, mwanamume aliyeamini kuwa mpenzi wa mke wake. Februari 1875 wazee wa baraza la mahakama walimwachilia. Hilo mimi silisifu hata kidogo, lakini siwezi kulificha.

Aliporudi kwa farasi, hakuilaumu lenzi. Hebu tupige hesabu. Mkimbiaji wetu akienda mita 8 kwa sekunde, na kilango cha kamera kikae wazi sehemu moja ya 40 ya sekunde, yeye amesogea sentimita 20 wakati picha ikiandikwa. Lazima awe ukungu! Kilango kikifunguka sehemu moja ya 1000 tu, anasogea milimita 8. Lakini muda mfupi huleta giza, kwa hiyo mwanga lazima uongezwe. Muybridge alitandaza chokaa nyeupe njiani, akaweka ukuta mweupe nyuma, akapanga kamera 12 kwa mstari. Akishirikiana na fundi wa reli, John Isaacs, alitumia umeme kufungua vilango, na nyuzi zilizokatiza njia zikavutwa na farasi mwenyewe. Juni 1878, huko Palo Alto, mbele ya waandishi wa habari, jibu likapatikana: miguu yote huwa hewani, tena ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si kunyooshwa kama wachoraji walivyozoea kuchora.

Mjomba wangu ni fundi katika kiwanda ambapo kamera hukagua vizibo vya chupa vikipita juu ya mkanda. Picha zilipotoka ukungu, walisafisha lenzi, wakanunua nyingine, wapi! Mjomba akasimamisha mkanda, akapiga kizibo kilichotulia. Kikatoka safi. Basi akajua tatizo ni mwendo. Kingetoka ukungu hata kikiwa kimetulia, angeshuku lenzi chafu au umbali uliopimwa vibaya. Akafupisha muda wa kilango, akaongeza taa, na kifaa cha kuhisi kinachoipa kamera ishara kizibo kikifika. Si ni zile nyuzi za Muybridge?

Mwisho wa urafiki na Stanford haukuwa mzuri. Mwaka 1882 kitabu kuhusu farasi hao kilitoka bila kumpa Muybridge heshima yake, akashtaki, akashindwa. Hakukata tamaa. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipiga watu na wanyama wakitembea, wakiruka, wakipanda ngazi, na mwaka 1887 akatoa mabamba 781. Alirudi Kingston, akafa huko tarehe 8 Mei 1904.

Siku ya michezo ijayo nimeomba kusimama na mpiga picha penye mstari wa mwisho, jua likiwa mgongoni kwetu. Kidato cha pili, jiandaeni.