Arthur Boyd: Mchoraji aliyewaachia wasanii msitu na mto

KUSINI mwa jiji la Sydney nchini Australia, karibu na mji wa Nowra, Mto Shoalhaven hujipinda katikati ya vilima vilivyofunikwa na mikaratusi. Kando ya mto huo pana Bundanon, shamba la zamani la mifugo ambako waandishi, wachoraji, wanamuziki na wacheza densi hupewa makao ya muda na mahali pa kufanyia kazi, mbali na kelele za miji.

Kila anayepokewa hapo ni mgeni wa mtu aliyeaga dunia zaidi ya robo karne iliyopita. Arthur Boyd, mmoja wa wachoraji mashuhuri zaidi kuwahi kutokea Australia, alikuwa na ardhi ya takriban hekta 1,100, yaani kiasi cha ekari 2,700. Angaliweza kuiuza au kuwarithisha wanawe. Badala yake, mnamo 1993, yeye na mkewe Yvonne waliitoa kwa taifa bila malipo.

Msomaji anayejua jinsi ndugu wanavyoweza kufikishana mahakamani kwa sababu ya nusu ekari atataka kufahamu ni nini kilichomsukuma mtu kutenda hivyo akiwa angali hai. Jibu linapatikana katika maisha yake, kwani mara kadhaa Boyd alifaulu kwa kuwa kuna aliyempa mahali pa kufanyia kazi.

Alizaliwa tarehe 24 Julai 1920 huko Murrumbeena, viungani mwa jiji la Melbourne. Babake, Merric Boyd, alikuwa mfinyanzi, naye mamake, Doris, alikuwa mchoraji aliyevipamba vyungu vya mumewe. Watoto wote watano waliishia kuwa wasanii. Boma lao, lililoitwa Open Country, lilikuwa nyumba na karakana kwa pamoja, na marafiki waliingia na kutoka humo wapendavyo.

Hata hivyo, hayakuwa maisha ya raha. Pesa zilikuwa haba na Merric aliugua kifafa. Mnamo 1926, Arthur akiwa mtoto mdogo, moto uliteketeza karakana ya ufinyanzi iliyokuwa tegemeo la familia. Miali ya moto na umbo la mtu anayeanguka ni mambo yaliyojirudia katika picha zake hadi uzeeni.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaajiriwa katika kiwanda cha rangi cha mjomba wake. Aliyemwokoa kutoka kiwandani ni babu yake, mchoraji wa mandhari aliyeishi Rosebud, kwenye ufuo wa bahari. Mzee huyo alimkaribisha kwake mnamo 1936, na kwa takriban miaka mitatu kijana akawa na kazi moja tu: kuchora bahari, miti na mwanga wa jua. Baadaye binamu yake Robin Boyd, aliyekuja kuwa msanifu majengo mwenye sifa, alimbunia studio ndogo katika boma la Murrumbeena.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikatiza utulivu huo. Boyd alichukuliwa jeshini mnamo 1941 na kupelekwa katika kikosi cha kuchora ramani. Hakupelekwa mstari wa mbele, lakini picha zake za wakati huo zimejaa vilema, wapenzi wenye hofu na watu wanaokimbia katika mitaa mitupu. Alimwoa Yvonne Lennie mnamo 1945, na kwa miaka kadhaa familia ilijikimu kwa kuuza vyombo vya udongo.

Mapema katika miaka ya 1950 alisafiri hadi katikati ya Australia, akajionea umaskini na dhuluma waliyotendewa wenyeji asilia katika nchi ya mababu zao. Hakukimbilia kuchora. Aliyahifadhi moyoni kwa miaka kadhaa, kisha akatoa mfululizo wa picha za bwana na bibi harusi wasiokubalika na jamii ya weupe wala ya wenyeji. Picha hizo, zilizoonyeshwa Melbourne mnamo 1958, zilimjengea jina. Mwaka huohuo kazi zake zikawakilisha Australia katika maonyesho ya sanaa ya Venice.

Mwishoni mwa 1959 alihamia London pamoja na familia yake. Ni huko alikochora mfululizo kuhusu Nebukadneza, yule mfalme wa Babeli aliyefukuzwa miongoni mwa watu akala majani kama ng'ombe. Ilikuwa enzi ya Vita vya Vietnam, ambapo baadhi ya watu walijichoma moto kwa kuvipinga, na mfalme wa Boyd naye huonekana akiwaka.

Mnamo 1971 Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Australia, jijini Canberra, kilimpa ufadhili wa msanii. Kwa mara nyingine alikuwa amepewa mahali. Katika kipindi hicho alialikwa Bundanon na rafiki aliyekuwa mmoja wa wamiliki wake. Jua lilikuwa kali, mto ulikuwa umetulia, na mwamba mkubwa uitwao Pulpit Rock ulijiakisi majini. Boyd hakuweza kuyasahau mandhari hayo. Mnamo 1974 yeye na Yvonne walinunua shamba jirani la Riversdale, na mnamo 1979 wakainunua Bundanon yenyewe, pamoja na nyumba yake ya mawe iliyojengwa katika karne ya 19.

Tangu hapo alichora mto huo asubuhi, adhuhuri na jioni, mara nyingi akipaka rangi kwa vidole na viganja. Mchoro wake wa msitu wa mikaratusi ndio uliofumwa kuwa pambo kubwa la ukutani, lenye upana wa karibu mita 20, katika Bunge la Australia lililofunguliwa Canberra mnamo 1988.

Kadiri alivyouchora mto ndivyo alivyozidi kuhofia hatima yake. Katika picha zake za baadaye, motaboti na watu wa starehe wanauvamia. Aliamini kwamba mandhari ya nchi si kitu cha kumilikiwa na mtu mmoja. Wenyeji wa Wodi Wodi na Wayuin walikuwa wameishi katika bonde hilo kwa maelfu ya miaka kabla ya kuwapo kwa hatimiliki yoyote.

Hivyo serikali ya Waziri Mkuu Paul Keating ilipoipokea zawadi hiyo mnamo 1993, haikupokea ardhi pekee. Ilipokea pia maelfu ya kazi za sanaa za vizazi kadhaa vya akina Boyd, na jukumu la kuifanya Bundanon kuwa makao ya wasanii na shule ya watoto kujifunza sanaa na mazingira. Mnamo 1995 Boyd alitunukiwa heshima ya Mwaustralia wa Mwaka. Alifariki jijini Melbourne tarehe 24 Aprili 1999, akiwa na umri wa miaka 78. Yvonne alimfuata mnamo 2013.

Moto, uliomtisha tangu utotoni, haukuliacha bonde hilo. Nyika za Australia zilipoteketea katika kiangazi cha 2019 na 2020, kazi za sanaa zililazimika kuhamishwa. Mnamo 2022 jumba jipya la sanaa lilifunguliwa Riversdale, likiwa limezikwa ndani ya kilima ili kulindwa dhidi ya joto na ndimi za moto.

Studio ya Boyd ingali imesimama, na rangi alizomwaga zingali sakafuni. Hatua chache kutoka hapo, msanii mwingine anafungua dirisha na kuanza kazi. Muda wake ukiisha atafungasha virago, na chumba kitapewa mwingine.