Festo Kivengere: Ushuhuda Ulioanzia Nyumbani

Soma Marko 5:18–20 na Yohana 4:28–30, 39–42.

Juma hili tumemwona mtu wa nchi ya Wagerasi akimsihi Yesu afuatane naye, na Yesu akamkatalia. Alimpa kazi nyingine: arudi kwa jamaa zake awaeleze yaliyompata. Wengi wetu tungechagua safari. Mbele ya wageni, mtu anaweza kusimulia kuongoka kwake vizuri sana, maana hawana la kulinganisha. Jamaa wanayo mengi ya kulinganisha. Wanajua madeni yako, ulevi wako, na maneno uliyomwambia mama yako.

Kwa sababu hiyo tutazame maisha ya Festo Kivengere wa Uganda, aliyekuwa mwalimu wa shule Dodoma miaka mingi kabla jina lake halijafika mbali. Katika darasa huenda mtu akauliza: alikuwa wa kanisa letu? Hapana. Alikuwa Mwanglikana, na mwishowe askofu. Lakini katika jambo hili moja, la mtu kuwasimulia wanaomjua yale Kristo aliyomtendea, ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki.

Alizaliwa mwaka 1919 Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Utotoni alichunga ng'ombe. Akaingia shule ya misheni, akajifunza kusoma, akabatizwa, akaendelea hadi chuo cha Mukono, kisha akarudi kwao kufundisha. Kufikia hapo Ukristo wake ulibaki kwenye jina. Pombe aliipenda, na Mungu alikwisha kumweka kando.

Aliporudi alikuta uamsho umefika kijijini. Uamsho huo una historia ndefu, ila mahali pamoja panafaa kukumbukwa: mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeon Nsibambi, Mganda. Wote wawili walikuwa na kiu ileile. Waliketi na Biblia, wakasali pamoja. Katika miaka iliyofuata moto uliwaka Rwanda na Kigezi, ukavuka hadi Bukoba na Kenya. Waamini hao waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Njia yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Mtu alisimama katikati ya watu wanaomjua, akaitaja dhambi yake kwa jina lake, akaeleza jinsi Yesu alivyomsamehe. Kisha akamwendea aliyemkosea. Jambo hilo la mwisho ndilo lililowashangaza majirani kuliko nyimbo zote: watu walirudisha mali walizoiba na kulipa madeni ambayo mwenye kudai alikwisha kuyasahau.

Festo alichukizwa nao. Tatizo ni kwamba walikuwa ndani ya ukoo wake. Jumapili moja ya mwaka 1941, kanisani, msichana wa jamaa yake alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba wamekuwa wakimwombea Festo, na kwamba Bwana amewahakikishia kuwa atarudi kwake. Festo alikuwapo. Mwalimu mzima, kutajwa na mtoto mbele ya kanisa! Aliondoka kwa hasira, akaenda kunywa.

Akiwa njiani kurudi nyumbani siku hiyo, alimwona rafiki yake wa karibu akija mbio kwa baiskeli. Rafiki alisimama. Alimweleza kwamba saa chache tu zilizopita Yesu amekuwa hai kwake, na dhambi zake zimesamehewa. Akamwomba Festo radhi kwa mambo fulani waliyoyafanya pamoja, akayataja, akasema hatayarudia. Hakumsihi aongoke, wala hakubishana naye. Alipanda baiskeli yake akaenda.

Maneno hayo hayakumtoka Festo kichwani. Alimjua rafiki yule. Hakuweza kusema ni mnafiki. Chumbani mwake alipiga magoti, na katika maombi hayo alimwona Kristo msalabani kana kwamba yuko mbele ya macho yake, akatambua kwamba mateso yale yalikuwa kwa ajili yake yeye. Hapo hapakuwa na mhubiri wala mkutano wa hadhara. Palikuwa na msichana asiyeogopa kuaibika, na mtu mmoja aliyeokoka mchana uleule, asiyejua bado hata jinsi ya kuhubiri.

Tendo lake lililofuata linafanana na la Zakayo. Kulikuwa na Mwingereza mmoja ambaye Festo alimchukia kwa muda mrefu. Alipanda baiskeli, akasafiri karibu kilomita 80, akafika mlangoni kwake, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia, kwamba Kristo amemsamehe, na kwamba sasa ni ndugu yake. Enzi zile za ukoloni, Mwafrika kumwambia Mzungu kwamba alimchukia lilikuwa neno zito. Walilia pamoja.

Alimwoa Mera mwaka 1943. Katikati ya miaka ya 1940 walihamia Dodoma, wakakaa humo zaidi ya miaka kumi, Festo akifundisha shule na kuhubiri kwa Kiswahili. Mwenyewe alipenda kusimulia jambo moja la ndoa yake, nalo halikumpa sifa hata kidogo. Siku moja aligombana na Mera kabla ya kwenda kuhubiri. Njiani moyo wake ulishtakiwa: arudi kwanza akasali na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamngoja, na muda umekwisha. Jibu alilolisikia rohoni lilikuwa kwamba aende tu kuhubiri, ila Bwana atabaki jikoni na Mera. Alirudi nyumbani.

Hapa Kipawa, ambako wengi tunaishi nyumba za kupanga na ukuta kati ya chumba na chumba ni mwembamba, jirani anajua umesemaje na mkeo asubuhi ya Sabato kabla hajakuona umebeba Biblia na lesoni. Ushuhuda wetu wa kwanza ameshausikia. Je, wa pili, ule wa kurudi na kuomba radhi, huwa anausikia?

Miaka iliyofuata tuipite upesi. Mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Afrika Mashariki, Festo alikuwa miongoni mwa waliomtafsiria. Alisoma theolojia Marekani, akawekewa mikono mwaka 1967, na Desemba 1972 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Kigezi. Idi Amin alikuwa ametawala karibu miaka miwili.

Tarehe 10 Februari 1973 wanaume watatu wa dayosisi yake, walioshtakiwa kwa uasi, waliletwa katika uwanja wa michezo wa Kabale wauawe hadharani kwa risasi. Watu waliamriwa kuhudhuria. Festo aliomba ruhusa ya kusema nao kabla, akaipata. Aliwaendea akitokea nyuma yao, moyoni akitafuta neno la kuwapa watu wanaokufa baada ya dakika chache. Walipogeuka alikuta nyuso zinazong'aa. Kabla hajafungua kinywa, mmoja alimshukuru kwa kuja. Alisema kwamba tangu siku aliyokamatwa, akiwa mahabusu, alimwomba Yesu aingie moyoni mwake, naye akaingia na kumsamehe yote. Akamtuma askofu kwa mkewe: amweleze kwamba anakwenda kwa Yesu, na kwamba naye ampokee kama yeye alivyompokea. Wa pili na wa tatu walitoa habari ileile, wakiinua mikono iliyofungwa pingu. Festo aliwatafsiria askari maneno hayo, nao wakaduwaa. Wale watatu waligeukia umati, wakapunga mikono na pingu zake, na umati ukawapungia. Kisha risasi zikalia.

Jumapili iliyofuata Festo alihubiri katika kijiji cha mmoja wao, mbele ya mkutano mkubwa. Kazi yake siku ile ilikuwa kufikisha habari aliyopewa.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Siku chache baadaye Festo na Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Uhamishoni alianza kumchukia Amin, na chuki ile, kama alivyokiri mwenyewe, ilikuwa ikimnyausha. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa katika ibada London, alitafakari Kristo akiwaombea waliompigilia misumari, akajiuliza kama angeweza kuwa na moyo huo kwa Amin. Hakuweza kusema kwamba Amin peke yake yuko nje ya msamaha. Akaomba rehema, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake tu liliwakasirisha Waganda wengi waliofiwa, maana lilisema anampenda Idi Amin. Hasira yao inaeleweka. Yeye naye alikuwa amempoteza rafiki.

Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 alirudi Kigezi. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988, kwa saratani ya damu.

Kwa mazungumzo ya darasa: Yule mtu wa uwanjani Kabale hakutuma ujumbe wake kwa umati uliokuwa mbele yake; aliutuma kwa mkewe. Kama ungepewa dakika zile, ungemtuma mchungaji kwa nani? Na ni nini kimekuzuia mpaka leo kumfikishia mwenyewe?