Tabibu Reed na Jina Lililofika Kericho

Apitaye katikati ya mashamba ya chai ya Kericho huenda asidhani kwamba jina la tabibu aliyefariki mwaka 1902 limefika huko. Walter Reed alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1851, akahitimu udaktari kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 1900 jeshi lilimpeleka Kuba kutafuta chanzo cha homa ya manjano. Daktari Carlos Finlay, mwenyeji wa huko, alikwisha kumtaja mbu tangu 1881, akapuuzwa. Reed alithibitisha tu, na haki ya Finlay isidhulumiwe. Mwenziwe Reed, Lazear, alishikwa na homa hiyo akafa.

Waliojitolea kuumwa na mbu walitia saini mkataba, wakaahidiwa dola 100 za dhahabu. Kuulizwa kwanza lilikuwa jambo geni zama zile, ingawa ridhaa ya mhamiaji maskini mbele ya dhahabu ina mashaka yake.

Reed alifariki kwa maradhi ya kidole tumbo, umri miaka 51. Karne moja baadaye, chanjo ya UKIMWI ilijaribiwa Kampala, Mbeya na Kericho, katika mradi wenye jina lake. Chembe hai za damu za waliojitolea zikatengwa maabara na kugandishwa, zipate kuchunguzwa.