Edmond Thieffry: kupenda ndege si lazima kutoke kwa baba

Watu wengi wanaamini kwamba kazi ya ndege inakaa ndani ya jamaa: baba rubani, mtoto naye rubani. Maisha ya Edmond Thieffry, Mbelgiji aliyefia karibu na Ziwa Tanganyika, yanaonyesha jambo lingine.

Thieffry alizaliwa Etterbeek, pale Brussels, tarehe 28 Septemba 1892. Wakati ule ndege za mota hazikuwako. Ile ya kwanza iliruka Marekani mwaka 1903, naye alikuwa na miaka 11. Basi hakuna baba wala babu aliyeweza kumwachia kazi hiyo. Yeye alisoma sheria, akawa avoka.

Vita vya 1914 njo vilimgeuza. Wajerumani walimkamata, akawatoroka na pikipiki ya kuiba, kisha akaenda kujifunza urubani. Katika mafunzo alikuwa anaharibu ndege ovyo, lakini hakuacha. Mwishowe akaangusha ndege 10 za adui, mpaka Februari 1918 naye akaangushwa na kufungwa.

Vita vilipoisha alirudi kwenye sheria, lakini roho ilibaki juu. Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, katika ndege ya mota 3. Walifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Meli za wakati ule zilikuwa haraka kuliko hiyo. Hata hivyo njia ilionekana, na mwaka 1935 kampuni ya Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na koloni yake.

Thieffry hakuiona siku hiyo. Mwaka 1929 alikuwa Kongo tena, akitafuta namna ndege zingeweza kuunganisha miji ya ndani. Tarehe 11 Aprili dhoruba iliangusha ndege yake karibu na ziwa. Alikufa pamoja na Gaston Julien. Fundi wao akapona. Alikuwa na miaka 36. Wavuvi wa Uvira wanaujua upepo wa ziwa hili: hauulizi mtu ana ujuzi gani.

Leo watoto wa Kavimvira wanaona ndege zikishuka Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Wengi wao, wazazi hawajapanda ndege hata siku moja. Hiyo isiwavunje moyo. Thieffry naye alianza bila mtu wa kumfuata nyumbani. Alichopata ni shule na nafasi ya kukosea, kisha kujaribu tena.