Nahodha Looff na Jicho la Angani

Wajerumani wengi walioacha nyayo katika pwani yetu wamesahauliwa. Max Looff hakusahauliwa, ingawa aghalabu hukumbukwa kwa meli yake kuliko kwa jina lake. Alizaliwa Strassburg mwaka wa 1874, akawa mwanamaji, na mwaka wa 1914 akakabidhiwa manowari Königsberg, iliyotia nanga Dar es Salaam mwezi Juni. Wenyeji waliiita manowari ya bomba tatu kwa sababu ya dohani zake. (Neno manowari lenyewe, msomaji, kwa Waingereza ni maneno matatu, sisi tuliyameza kwa mkupuo mmoja.)

Vita vilipozuka, Looff aliteka meli ya shehena City of Winchester karibu na Omani. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, akaiangamiza Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kwa kuwa mizinga yake kumi ilifika mbali kuliko ya adui. Kisha mitambo ikamharibikia, akajificha katika delta ya Rufiji.

Hapo ndipo kisa chake kinapotuhusu. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kupita maji yale mafupi, na mikoko iliwaziba macho wapiga mizinga wao. Rubani Cutler ndiye aliyeiona Königsberg kutoka angani mwezi Novemba. Julai 6, 1915, meli ndogo Severn na Mersey zilipanda mto, zikafyatua mamia ya makombora na kurudi, Mersey ikiwa imejeruhiwa. Zilirudi tena Julai 11. Juu yao walizunguka Cull na Arnold, waliotoka kisiwani Mafia, wakieleza kwa redio kila kombora lilikoangukia. Ndege yao ikapigwa. Hata ilipokuwa ikishuka, Arnold aliendelea kutuma maelekezo. Looff, naye amejeruhiwa, akaamuru meli yake ilipuliwe.

Looff alishindwa na jicho kabla ya kushindwa na mzinga. Mtu aliye mita 20 juu ya maji huona upeo wa kilomita 16 hivi. Aliye mita 300 angani huona zaidi ya kilomita 60. Cull aliona vyema, lakini ilimbidi akaribie, ndipo akapigwa. Helikopta ya majini ya leo imeunganisha jicho na mkuki. Katika vita vya Ghuba vya 1991, Lynx za Uingereza zilizamisha mashua za Iraki kwa makombora ya Sea Skua, ya masafa mafupi. Exocet, ambalo Pakistani ilizifungia helikopta zake za Sea King, hufika kilomita 70 hivi, mbali na mizinga ya meli inayowindwa.

Sisi wa Gatina, tulio zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, twaijua helikopta kwa kampeni za uchaguzi tu. Ila kodi yetu ndiyo inunuayo silaha za Mtongwe. Katika miaka ya 1980 Kenya ilinunua manowari Nyayo na Umoja, zenye makombora ya Otomat yanayofika zaidi ya kilomita 100. Rada ya meli haioni nusu ya masafa hayo. Kila zinunuliwapo silaha za namna hii, tuulize kwanza ni nani atakayeziangalizia.

Mizinga ya Königsberg iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu na wapagazi. Looff aliendelea kupigana huko hadi alipotekwa Novemba 1917. Alifariki mwaka wa 1954. Mmoja wa mizinga yake uko Mombasa, mbele ya Fort Jesus, kando ya mzinga wa Pegasus.